Fremu Haina Upindo

6 Februari

Mwanangu Chiriku,

Barua yako imenikuta nimekaa kwenye cherehani na pini mdomoni. Nikaisoma hivyohivyo, mpaka mteja akaniuliza, "Mama, umemeza kitu?" Nimemeza ndiyo. Nimemeza habari ya baiskeli kupasuka chini yako.

Unasema ni ufa tu, kwenye kiungo cha chini karibu na pedali, na kwamba fundi wenu wa klabu ndiye aliyeuona akiiosha. Mwanangu, ufa ni ufa. Hata sahani yenye ufa siku moja humwaga mchuzi mapajani kwa mgeni. Fundi amekataa kuuchomelea kwa sababu hapo palishachomelewa mara ya kwanza. Simjui huyo fundi, lakini nimemwombea, yeye na watoto wake kama anao.

Umenieleza kwamba mchujo ni mwisho wa mwezi wa tano, kwamba msichana mmoja tu ndiye atachukuliwa kwenye timu, na mwakani umri wako utakuwa umepita. Mimi shule sikukaa sana lakini hilo nimelielewa bila kufundishwa. Unataka nimwandikie Baba Mdogo wako huko ng'ambo kwenye ghala lao la baiskeli, maana mtoto haombi jambo kubwa kwa mkubwa wake bila kupitia kwa mama. Hapo umelelewa, na aliyekulea ni mimi. Nitamwandikia.

Ila nikuulize, usinune. Hakuna baiskeli za kwenda tambarare? Nasikia wapo wanaoshinda mbio za barabarani na wanarudi nyumbani na magoti yao yote mawili.

Wenzako wanakucheka kwamba wewe ndiye mtu wa mwisho duniani kuandikiwa barua. Waache wacheke. Simu nikiiweka sikioni nasikia nusu neno, mashine za kiwandani zilishakula masikio yangu, unajua. Na meseji herufi zake ni sisimizi. Andika, tena andika kubwa.

Umekula?

Mimi mama yako.


13 Februari

Shikamoo Mama,

Nimekula. Kila barua unauliza na kila barua nimekula. Siku ukiona sijajibu hilo ujue mdomo umejaa.

Tambarare sitaki, tusirudi huko. Sikiliza hili la fremu kwa makini, maana wewe ndiye mdomo wangu kwa Baba Mdogo.

Magurudumu ninayo, breki ninazo, usukani na shokapu nitavihamisha kutoka kwenye ile iliyopasuka. Fremu ndiyo mifupa, Mama. Ikikosewa hiyo, vingine vyote ni mapambo. Ya kuteremkia mlima hutengenezwa ikiwa ndefu kwa mbele, ili ukishuka kwenye mawe lile gurudumu liwe mbali nawe usipinduke. Lakini ikizidi kwako, mikono inanyooka, uzito unabaki nyuma, gurudumu la mbele linakosa kushika udongo, na kona inakupita huku unaiangalia. Njia yetu ya mchujo inapita kwenye miti. Kona zake ni kali na zimefuatana.

Kwa hiyo mwambie: alumini, si kaboni. Kaboni ni nyepesi, lakini jiwe likiigonga inaweza kuumia ndani usione, na huku hatuna fundi wake. Na saizi ni YA KATI. Kwenye chati ya vimo mimi naangukia mpakani, naweza kuchukua ya kati au kubwa. Kocha anasema mtu wa mpakani anayepita kwenye miti achukue ya kati, basi. Mama, andika hivyo hivyo. Ya kati.

Kuna msichana hapa tunamwita Radi. Yeye ndiye wa kushindana naye. Kwenye mawe ananipita, kwenye kona namla. Sina pengine pa kumshindia.

Mwanao,
Chiriku


20 Februari

Shemeji,

Nakuandikia kwa haya, kama mtu anayebisha hodi na bakuli mkononi. Huku tu wazima. Kaburi la kaka yako nimelipalilia, na yale maua niliyopanda yameliwa na mbuzi wa watu.

Yule mtoto wa kaka yako, uliyemwacha anabebwa mgongoni, sasa anashuka milima kwa baiskeli. Hatumwi na mtu, anashindana! Nilikwenda mara moja kumtazama. Wakanisimamisha nyuma ya utepe pamoja na mama za wenzake, wao wanapiga vigelegele, mimi nimekumbatia mti. Akatokea kule juu. Shemeji, baiskeli haikuwa ardhini, nakuapia, ilikuwa hewani kama shuka lililong'olewa na upepo kwenye kamba, na mtoto wangu yuko juu yake. Nikafumba macho. Nilipofumbua alishapita na watu wananipa mkono wa pongezi. Kumaliza kwake sikukuona. Tangu siku hiyo nikikanyaga cherehani na sindano ikaanza kukimbia, mguu unakuwa mzito wenyewe.

Nimebaki na yeye tu, unajua.

Sasa fremu yake imepasuka na anaomba nyingine. Uliwahi kuniandikia kwamba msimu ukiisha kila mfanyakazi hapo hujichukulia fremu moja ya toleo lililopita. Kama ya kwako hujaiahidi mtu, mpe mwanao. Ni ya mbio za kuteremka, na anataka alumini. Mengine wewe ndiye mjuzi.

Shemeji yako.


8 Machi

Shemeji,

Kaka angekuwa hai angecheka mpaka akohoe. Yeye baiskeli alikuwa anaisukuma hata kwenye mteremko, eti asiichoshe! Huyu mtoto kamrithi nani?

Fremu ni yake, wala usinishukuru. Zimebaki mbili za alumini za kuteremka, nimezifunga kitambaa ili wenzangu wajue zina mwenyewe. Zote aina moja, rangi moja ya kijani. Tofauti ni saizi tu: moja ya kati, nyingine kubwa. Nimezipanda zote mbili kwenye baiskeli za majaribio, mzee mzima nazunguka kati ya rafu, msimamizi ananikodolea macho.

Kubwa ukiinyoosha imetulia, inakwenda kama treni. Ila kona, shemeji! Ni kama kupitisha kabati kwenye mlango wa chumba. Atalazimika kupunguza mwendo kila kona. Ya kati ni nyepesi kugeuka, ukitazama pale nayo imeshafika pale.

Hukunieleza kimo chake wala hukusema anataka ipi. Muulize unijibu upesi. Nina nafasi moja tu, na nikishatia saini harudishiwi mtu.

Halafu kuna jingine. Likizo yangu imekubaliwa! Mwezi wa saba nakuja. Baada ya miaka yote hii nitakula kwenye meza ya kaka yangu, na huyo mwendawazimu wa milimani nitamwona kwa macho.

Shemeji yako.


16 Machi

Shemeji,

Nimefurahi mpaka nimeshona mkono wa shati mahali pa mfuko. Njoo. Nyumba ni yako.

Fremu ni kubwa. Nimemuuliza, kasema mwenyewe, kubwa. Amekuwa mrefu, ungemwona ungemwamkia. Na mimi katika kazi yangu najua, nguo kubwa hupunguzwa, ndogo huliwa na panya sandukuni. Kila sare ninayomshonea mtoto wa mtu naiachia upindo wa kutosha, mwaka wa pili mama yake ananibariki.

Usihangaike kumwandikia kumuuliza tena. Yuko mazoezini, ukimuuliza mtu mara mbili unamtia wasiwasi.

Shemeji yako.


18 Machi

Mwanangu,

Baba Mdogo wako amekubali bila kusita. Ni alumini, ya kijani. Kila kitu nimemwambia kama ulivyosema, tulia.

Leo nilikuwa nafikiria, huyo Radi mama yake analala kweli? Mpe salamu zangu, kama anaye. Na kofia yako ngumu, ile mikanda yake chini ya kidevu bado inashika? Niletee niishone upya kwa uzi wa mabegi, huo haukatiki hata kwa meno ya mbwa.

Umekula?

Mama yako.


15 Aprili

Mama,

Fremu imefika. Ni nzuri mpaka wenzangu wamekuja kuigusa. Na ni KUBWA.

Nimedhani wamebandika karatasi vibaya, fundi akaipima. Kubwa. Tumeifungia vyote, tumeleta usukani nyuma, tumesogeza kila kinachosogezwa. Nimemwomba fundi aifupishe, akaniangalia kwa huruma akasema, "Binti, fremu haina upindo." Leo nimeshuka nayo. Sehemu ya mawe nimekwenda kama bibi harusi ndani ya gari. Kwenye miti nimepitiliza kona na kuvaa utepe kama skafu, Radi amenipita anapiga mluzi.

Mama, ulimwandikia ya kati? Niambie tu. Sitakasirika.

Chiriku


20 Aprili

Mwanangu mpenzi,

Pole sana. Nimeisoma barua yako nimesimama.

Mimi nilimwandikia. Baba Mdogo wako naye mtu mzima sasa, macho si yale, na huko ghalani kwao ni haraka haraka, watu wanavuta tu boksi. Atakuwa ameshika isiyo yake. Usimlaumu sana, hakukusudia.

Lakini si unasema kwenye mawe inakwenda kama bibi harusi? Basi kuna heri ndani yake. Nenda nayo polepole, utaizoea. Haraka haraka haina baraka. Na ukiona kona inakushinda si vibaya kufunga breki, nani atakuchapa? Kushindwa si kufa.

Nimekushonea kinga nyingine ya viwiko, nimetia sponji mbili.

Mama yako anayekupenda.


23 Aprili

Baba Mdogo,

Sijawahi kukuandikia, na nilitamani barua yangu ya kwanza iwe ya shukrani.

Mama alikuandikia ya kati. Neno moja. Nilimkumbusha, naye akaliandika. Wewe ukanyoosha mkono ukachukua kilichokuwa karibu, kwa sababu ni cha mtoto wa kaka tu, na kaka mwenyewe hayupo wa kuuliza. Miaka yote hukutukumbuka, na ulipotukumbuka umetutupia mabaki ya rafuni.

Nina nafasi moja ya kuingia timu maishani mwangu. Nilidhani ukoo wangu una mtu mmoja anayejua baiskeli.

Nisamehe kwa ukali. Lakini ndivyo ilivyo.

Binti wa kaka yako.


2 Mei

Mwanangu,

Una haki. Nilisoma vibaya. Kosa ni langu, lisimguse mama yako.

Nimekutumia nyingine, ya kati, nimeipima mimi mwenyewe mara mbili. Itafika ofisi ya vifurushi ya mji ulio chini ya kambi yenu katikati ya mwezi huu, kwa jina lako. Nenda kaichukue, uipande, ushinde. Ukishinda hutanidai kitu wala sitakudai.

Baba yako mdogo.


2 Mei

Shemeji,

Mtoto ameniandikia. Sina haja ya kurudia aliyosema, kalamu yake ina breki mbovu.

Barua yako ya mwezi wa tatu ninayo hapa. Sikuitoa kumwonyesha na sitaitoa. Nimemwambia nilisoma vibaya. Nimefanya hivyo kwa sababu wewe uko naye na mimi niko mbali, na mtoto anaweza kuishi bila baba mdogo, bila mama hawezi.

Fremu ya kati alikuwa ameichukua mwenzangu wa zamu kwa ajili ya mwanawe. Amekubali kuniachia, kwa sharti kwamba nimpe likizo yangu. Yeye atakwenda kwao mwezi wa saba, mimi nitabaki kufungua mageti. Kwa hiyo usitandike kitanda.

Sikuulizi kwa nini. Naomba kitu kimoja tu, hakikisha anaichukua.

Shemeji yako.


13 Mei

Chiriku wangu,

Nimesikia Baba Mdogo wako amekutumia nyingine, ile yenyewe. Nenda kaichukue mwanangu, leo kuliko kesho. Yule ni mtu mwema. Alikuwa akikubeba mabegani na wewe unamvuta masikio kama usukani. Mtu akikosea akatengeneza, tumwachie.

Ofisi ya vifurushi hufunga mapema, usiende ukakuta mlango. Nenda na kitambulisho. Nenda, mama.

Umekula?

Mama yako.


18 Mei

Mama,

Siendi.

Nimekaa na barua yake mfukoni, nimeisoma kwenye kila mapumziko. "Nilisoma vibaya." Maneno mawili! Mtu anaharibu msimu wa mtu kisha anaeleza kwa maneno mawili, halafu anatuma boksi kama anayemtupia mbwa mfupa anyamaze. Kocha ananiambia nikaichukue. Nimemwambia imepotea njiani.

Nimeshaizoea hii kubwa kidogo. Nafunga breki mapema, naingia kona kwa nje, nalala zaidi kwa mbele mpaka kidevu kinakaribia usukani. Mgongo unauma lakini nitashinda nayo, halafu nitapiga picha nimtumie, aone nilivyoshinda na mabaki yake.

Usijaribu kumtetea. Najua moyo wako, wewe hata mwizi wa kuku ungemtafutia sababu.

Chiriku


22 Mei

Mwanangu,

Barua hii nampa dereva wa gari la mboga mkononi, anafika kwenu kesho, kwa hiyo isome na uondoke hapo ulipo uende ofisi ya vifurushi.

Baba Mdogo wako hakukosea. Mimi ndiye. Aliniuliza kabisa, kwa maandishi mazuri, kati au kubwa, akanieleza na tofauti zake. Akasema kubwa itakulazimisha kupunguza mwendo kila kona. Hilo ndilo lililonishika. Nikajiambia, asipoweza kwenda mbio hatakwenda mbio, si basi? Nikamjibu kubwa, nikasema wewe mwenyewe umeitaka. Nikajidanganya na mambo ya sare na upindo, lakini ndani nilijua ninachofanya. Ulipouliza nikamtupia yeye lawama, naye akaidaka, na kwa ajili ya hiyo ya pili ametoa likizo yake. Alikuwa aje mwezi wa saba.

Nilikuona siku ile hewani. Wewe hukujiona. Sisemi ili unisamehe. Nasema ili uende ukachukue kilicho chako.

Nichukie ukimaliza mchujo. Sasa hivi nenda.

Mama yako.


1 Juni

Mama,

Radi ndiye amechaguliwa. Nilikuwa mbele yake mpaka tulipoingia kwenye miti. Kona ya tatu gurudumu la mbele likateleza taratibu, kama linaniaga, nikatoka nje ya njia na kusimama kati ya vichaka. Sikuanguka hata. Nilisimama tu, mguu mmoja chini, nasikia wanamshangilia.

Barua yako dereva alinipa kesho yake, siku kadhaa kabla ya mchujo, nikaisoma palepale mbele ya gari la mboga. Mama, nilicheka, halafu nikalia. Nikasema, huyu mwanamke! Nilipokuwa navunja sahani ulikuwa unamwambia baba ni wewe. Majirani wakigombana unakwenda kuomba radhi wewe usiyekuwepo. Na sasa umeona mimi na Baba Mdogo tunakatana, ukaamua kulala katikati kama daraja. Tangu lini wewe ukajua fremu ndefu haikati kona? Wewe uliyeniuliza pampu inaingizwa wapi? Hayo ni maneno yake. Amekuandikia yeye ukayanakili.

Eti ulitaka nishindwe! Ungejifunza kudanganya kwanza.

Kwa hiyo sikwenda. Kama angekuwa mtu angejitetea mwenyewe kuliko kukutanguliza wewe kama ngao. Hilo ndilo lililonimaliza naye kabisa.

Fremu nimewaachia klabu. Nakuja nyumbani Jumamosi. Utanifundisha kutengeneza kola, ninaweza kukaa kitako kama watu wengine. Wewe peke yako ndiye umebaki upande wangu.

Mwanao.


11 Juni

Shemeji,

Mtoto amerudi na hakuchukua boksi. Nilimwandikia ukweli wote kabla ya mchujo, nakuapia kwa kaka yako, na barua aliipata mapema. Hakuniamini. Anasema nakukingia kifua.

Sasa nakuomba kitu kigumu. Ile barua yangu ya mwezi wa tatu, mtumie. Mwandiko wangu anaujua. Akiona "kubwa, kasema mwenyewe" kwa mkono wangu hatabaki na la kusema. Nimeshakuwa tayari. Nimepanga hata nitakaa wapi akiisoma, karibu na mlango, ili akitaka kutoka nisiwe nimemzuia.

Shemeji yako.


25 Juni

Shemeji,

Mtoto aliniita mtu wa mabaki; jioni ya siku niliyokuandikia kwamba ninayo, barua yako hiyo niliichukua nikaichana na kuitupa kwenye pipa la makatoni hapa kazini. Niliogopa kwamba siku moja nikiwa na hasira nitaituma. Niliichana kwa ajili yako. Sasa unaitaka.

Hata nikimwandikia leo kwamba kosa si langu, nilishatia saini kwamba ni langu. Ataniona mwoga juu ya mzembe. Umenivika vazi ambalo halivuki kichwani, shemeji. Liache hivyo.

Boksi limerudishwa hapa. Nimeliweka kwenye geti la nyuma liwe mlinzi, linazuia mlango usipigwe na upepo.

Mwenzangu ameanza kufunga mizigo ya likizo, anaimba. Msiniandikie kwa muda.


9 Julai

Shemeji,

Najua umesema tusikuandikie. Soma hii kisha nayo uichane.

Anashona vizuri. Mikono yake ilizoea kushika usukani kwa nguvu kwa hiyo mwanzo alikuwa anavunja sindano, sasa ametulia. Mshono wake umenyooka kuliko wangu. Wateja wamempenda. Tumemwekea ile cherehani ya pili karibu na dirisha, na mguu wake haukimbii, anakanyaga taratibu mpaka mimi ninayemtazama natamani akanyage.

Jana alikuja mama mmoja kuchukua sare, akamuuliza, "Binti, si wewe uliyekuwa unashuka milima?" Mwanangu akamweleza yote. Akafika kwenye barua yangu, akaweka kitambaa chini ili asimulie vizuri kwa mikono. "Mama yangu huyu unayemwona," anamwambia, "alijisingizia kosa la shemeji yake, alimradi tusigombane! Wapo wangapi kama huyu?" Yule mama akanitazama kwa macho ya machozi akasema, "Una bahati wewe mtoto." Nikainua kichwa nikasema, "Si kweli. Nilifanya mimi. Nilimwandikia kubwa kwa sababu niliogopa." Nilisema kwa sauti, Shemeji, kama tunavyosema sisi viziwi. Njia nzima imesikia.

Wakacheka wote wawili. Mwanangu akainuka, akaja nyuma ya kiti changu, akanikumbatia shingo. Akaniambia sikioni, pole pole nisikie, "Basi Mama. Yameisha. Nakujua mimi."

Yuko mzima. Hana mfupa uliovunjika, hana hata mkwaruzo. Anakula mezani pangu asubuhi, mchana na jioni, na kila tukimaliza anatoa vyombo bila kutumwa.

Ndicho nilichokuwa naomba.

Shemeji yako.